Mbwa mzee nyonga zimechoka, hizi sindano za Kichina zinasaidia kweli?

MamaSimba:
Habari zenu wadau. Nina mbwa mkubwa wa miaka 11, nyonga zote mbili zina athraitis (ugonjwa wa viungo), eksirei imeonyesha wazi kabisa. Alikuwa anatumia meloksikamu, dawa ya maumivu, na inamsaidia vizuri tu, ila vipimo vya damu vya juzi vinaonyesha figo zimeanza kuzidiwa, dokta kasema tupunguze dozi halafu akagusia akyupancha, yaani hizi sindano za Kichina. Hapo ndo nimebaki njia panda. Huyu mbwa akiona sindano ya chanjo tu anajificha nyuma ya miguu yangu, leo achomwe sindano kumi na kitu atulie?? Na ni tiba kweli au ndo naenda kuliwa hela? Nina na paka mzee pia, siku hizi dirishani haruki tena, kama inafaa nimbebe na yeye.

PakaShume:
Sindano zenyewe zisikutishe, hazifanani na za chanjo. Ya chanjo ina tundu la kupitisha dawa, hizi hazina tundu, ni kama robo milimita au chini ya hapo, wala hawanyoi manyoya. Mbwa wangu walimwanzia na moja tu utosini, wanasema hiyo ni ya kumtuliza, nilikuwa nimemshika kichwa nikaona mdomo wa chini unalegea na kope zinashuka, baadaye kalala kabisa na sindano zimemsimama mgongoni mpaka kiunoni, ile ya karibu na mkia inacheza kila akitikisa mkia 😂 Zinakaa kama dakika 20 hivi. Akijikung'uta kuna zinazodondoka zenyewe, sio ishu, ila mwisho hakikisha zimehesabiwa zote asije akailamba moja.
Usitegemee kesho yake aruke uzio lakini. Mwanzoni sikuona kitu, baada ya wiki kadhaa ndo akaanza kuinuka asubuhi bila kuyumba.

MbishiWaKudumu:
Ngoja niwe mtu mbaya hapa. Mwaka 2006 kuna wataalam walizikusanya tafiti za akyupancha kwa wanyama wakazipitia moja moja, wakakuta nyingi ni dhaifu na ushahidi hautoshi kuipendekeza wala kuikataa. Na PakaShume nakuheshimu, ila hii ya "wangu alipata nafuu" ina shida yake. 2012 ulitoka utafiti wa mbwa wanaochechemea waliokuwa wanapewa dawa feki, na zaidi ya nusu ya tathmini za wenye mbwa zilisema anaendelea vizuri wakati mashine inayopima mguu unavyokanyaga ilikuwa haioni mabadiliko. Hata madokta wenyewe walidanganyika! Mtu ukishalipa na kusubiri, jicho linaona linachotaka.
Halafu ile michoro ya mishipa ya nishati, mistari ya mwilini wanayoifuata kuchoma sindano, kwa mbwa mingi imehamishwa tu kutoka kwa binadamu. Farasi hana kibofu cha nyongo lakini kwenye michoro ana mstari wa nyongo, sasa hapo uniambie.

DoktaWaMifugo:
Mbishi kwenye nishati nakuachia ushinde, hata madokta wengi wanaochoma sindano siku hizi hawaielezei hivyo. Sindano inasisimua neva na mwili unatoa vitulizaji vyake wenyewe vya maumivu, na majaribio ya panya miaka ya 1970 yalionyesha ukimpa naloksoni, dawa inayozuia vitulizaji hivyo, ile nafuu inapotea. Kwa hiyo kuna kitu, swali ni kikubwa kiasi gani.
MamaSimba, kwa mbwa ambaye figo zinabana dozi ya dawa mimi ningejaribu, ila iwe nyongeza. Kama mbwa ana uzito uliozidi, kumpunguza kutamsaidia nyonga kuliko sindano zote hizo. Muulize huyo atakayechoma kama ni daktari wa mifugo aliyesomea hii kitu, IVAS, chama cha kimataifa cha akyupancha ya wanyama kilichoanzishwa 1974, wanafundisha madokta kwa hiyo sio kazi ya kubahatisha. Kama mbwa ana uvimbe wa saratani pasichomwe hapo, na kama ana kifafa sindano zinazopitishwa umeme aachane nazo. Na mbwa akipooza ghafla miguu ya nyuma, ukambana vidole hasikii kabisa, huyo usimpeleke kwenye sindano, huyo ni wa upasuaji haraka.
Paka kuacha kuruka mara nyingi ni viungo, ila apimwe kwanza. Wengine wanatulia wakichomwa wakiwa kwenye kikapu chao kimetolewa mfuniko, wengine hawataki kabisa na hao usiwalazimishe. Na chonde chonde usimpe panado, inaua paka.

MamaSimba:
Asanteni sana jamani. Uzito kweli umezidi, naona aibu hata kusema 🙈 Dokta, sasa nitajuaje kama sindano zinafanya kazi na sio macho yangu kama anavyosema Mbishi?

DoktaWaMifugo:
Mrekodi video leo kabla ya chochote: akiinuka, akipanda ngazi, akitembea kwa upande. Rudia kila wiki sehemu ile ile. Zikifika sindano za mara ya tano au sita mpe mtu asiyejua ipi ya mwanzo ipi ya mwisho azipange. Akishindwa, acha hela yako mfukoni.

MbishiWaKudumu:
Hiyo nimeikubali. Mimi nipo, nitumie hizo video nizipange.