UKOO WETU: MICHANGO NA TAARIFA

*Jumatatu usiku*

Da Neema: Habari za jioni ukoo. Someni mpaka mwisho msiruke kama kawaida yenu. Jose mashine ya kuoshea masofa tulimchangia wenyewe humuhumu, sasa hivi imekaa kwake kama kabati. Wateja wake wa mitandaoni wanamwita Mbweni akifika wanamwambia bei kubwa, anarudi, nauli imeisha. Na sisi humu tuko jumuiya za kusali kibao, Kimara, Tabata, Ukonga, shangazi yuko kwa Walutheri KKKT. Kila nyumba ina sofa. Nani anaanza?

Da Neema: ?

Da Neema: Tiki za bluu nazion jamani

Da Neema: *naziona

Mama Jojo: 🙏

Da Neema: Mama Jojo hiyo mikono ni ndiyo au ni amina?

Mama Jojo: Amina

Anko Sweke: Aanze na sofa la Baba Jojo lile lililonunuliwa rangi ya maziwa likaishia chai ya rangi 😂😂

Baba Jojo: Siku ya mechi ya Yanga ulivyokoroma pale hukuiona hiyo rangi?

Da Neema: Tusitoke kwenye mada. Mpango ni huu. Jumamosi asubuhi tunasali nyumba kwa nyumba, si ndiyo? Mwenye zamu huwa anahangaika, anatandika khanga juu ya sofa kuficha doa la uji la mtoto, na mnajua wote mnaoficha. Jose aende Alhamisi amuoshee kwa nusu bei. Alhamisi si Ijumaa, kwa sababu sofa nene hata ukilinyonya maji vizuri linataka masaa na feni, na mvua hizi ndo kabisa, lisipokauka linanuka na hapo umejiharibia mtaa mzima. Jumamosi jumuiya nzima inalikalia. Tangazo la nini tena? Wiki inayofuata wanahamia kwingine na huyo naye hataki sofa lake lionekane chafu kuliko la jirani.

Kaka Fred: Hapo umeongea. Usisahau komunyo ya kwanza na kipaimara. Mzazi anapaka rangi ukuta, anabadilisha mapazia, sofa analikumbuka usiku wa kuamkia sherehe. Aandikishe mapema kwa wazazi wa watoto wa mafundisho.

Shangazi Kijenge: Bwana Yesu asifiwe. Kwetu baada ya ibada kuna mnada, watu wanaleta kuku, ndizi, mayai, maboga. Jose atoe karatasi tu, KUOSHA SOFA SETI MOJA, inadiwe pale nje. Pesa inaingia kanisani, na jina lake linapigiwa kelele mbele ya usharika mzima bila kumlipa mtu.

Anko Sweke: Shangazi we ni mkurugenzi wa masoko 🔥 Hata Paulo alikuwa fundi mahema, Matendo 18, alipofika Korintho akafikia kwa Akila na Prisila mafundi wenzake. Jose tafuta Prisila wako 😂

Da Neema: Anko

Anko Sweke: Nimenukuu Neno!

Kaka Fred: Swali. Nusu bei kwa jumuiya ngapi? Na sabuni ya mashine nani analipia?

Da Neema: Nusu ni kwa mwenye zamu peke yake. Na atakayeleta mteja wa bei kamili anapata elfu tano yake.

Baba Jojo: Kamisheni tena. Kama ya viti.

Da Neema: Viti tulishamaliza.

Baba Jojo: Mlimaliza nyie. Viti mia vilienda parokiani vikarudi themanini na nane na turubai lina tundu la kupita mbuzi, nikaambiwa tusamehe ni ndugu wa imani. Na masofa itakuwa hivyohivyo, mtu anakwambia nitalipa mwisho wa mwezi, Jumapili mnageukiana misani anakupa mkono wa amani anatabasamu kabisa na hela yako hajaleta. Utamdai mbele ya padre?

Mama Jojo: Baba Jojo yaishe

Kaka Fred: Alipwe kabla ya kuwasha mashine. Lipa namba ibandikwe kwenye mashine yenyewe.

Da Neema: Sawa. Na nitamuomba katibu wa parokia kwenye matangazo ya mwisho wa misa atusomee mistari miwili tu, halafu vipeperushi pale mlangoni

Babu: Tumsifu Yesu Kristo. Nimesomewa yote na mjukuu. Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, mwaka 1976 walipoamua tujenge jumuiya ndogondogo, nilikuwa katekista, niliambiwa ni ili watu wajuane kwa majina na kwa shida zao. Sikatazi Jose kutafuta riziki. Nauliza, Jose anasali jumuiya gani? Mwenyekiti wake ni nani? Barua ya ubatizo wa mwanae nilikwenda kuiomba mimi na fimbo yangu kwa sababu pale hakuna aliyemjua. Na wewe Neema tunakuona Pasaka na Krismasi. Msibani hamji, kwenye michango hampo, leo mnakuja na vipeperushi. Mlangoni pa kanisa hapana. Jumamosi wanasali kwangu. Jose aje asali, mashine aiache nyumbani.

*Jumanne*

Mama Jojo: Milele amina 🙏

Kaka Fred: Tumekusikia Babu. Shikamoo.

Da Neema: Shikamoo Babu, tumepokea. Vipeperushi nimefuta. Ila Babu, mashine si inaweza kubaki kwenye bajaji nje?

Shangazi Kijenge: Neema!!

Da Neema: Nilikuwa natania. Basi wiki hii kwa Babu anasali tu. Wiki ijayo zamu ya nani na yuko tayari kuoshewa?

Binamu Tabata: Jamani ndo naona meseji. Hiyo mashine si inakula umeme? LUKU ya nani inatumika?

Jose: Shikamoo Babu, shikamooni wote, nilikuwa kazini Goba. Umeme ni wa mwenye nyumba ila maji ya moto nachemshia kwenye gesi yangu. Jumamosi nitakuja Babu. Da Neema hiyo wiki ijayo sijui, mpira wa kunyonyea umepasuka nimeuzungushia selotepu unavuta hewa tu, sofa linabaki limelowa.

Da Neema: Kwanini hukusema???

Jose: Nilimwambia Anko

Anko Sweke: Uliniambia mpira umepasuka nikajua wa watoto 😭

Baba Jojo: Mchango mimi simo, nasema mapema.

Babu: Jumamosi saa 12 kamili asubuhi. Si saa 12 na nusu.

Jose: Sawa Babu

Da Neema: Mpira bei gani Kariakoo? Jose nijibu inbox

Shangazi Kijenge: Na mimi mzee wa kanisa nilishamwambia Jumapili kuna sofa mnadani, nimwambie nini?