Dhoruba ya sumaku ilitabiriwa kali, mbona haikuja?

Mkesha_Redio:
Wakuu, naomba msaada. Wiki iliyopita ulitolewa utabiri kwamba jua limerusha wingu la plazma (gesi yenye chaji ya umeme) na lingetufikia ndani ya siku mbili, dhoruba ya daraja la G3 katika ngazi ya G1 hadi G5. Mimi ni mtu wa redio ya mawimbi mafupi, nikaahirisha mawasiliano niliyoyapanga na kukesha mbele ya grafu. Saa tisa usiku kasi ya upepo wa jua ikaruka kutoka kilomita 380 hadi 610 kwa sekunde. Nikajua ndiyo hiyo. Mpaka kunakucha Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia cha 0 hadi 9, haikuvuka 3. Walikosea wapi? Nimesikitika, maana utabiri huu nautegemea sana.

Bz_Kusini:
Mkuu, wingu lilifika, umelishuhudia mwenyewe. Rudi kwenye grafu ileile utazame mstari wa Bz, unaoonyesha uga sumaku wa wingu umeelekea wapi: juu ya sifuri ni kaskazini, chini ni kusini. Nadhani ulikaa juu ya sifuri usiku kucha.

Uga sumaku wa dunia, upande unaotazama jua, umeelekea kaskazini. Wingu likija na uga wa kaskazini vilevile, sehemu kubwa hupita pembeni. Likija na wa kusini, nyuga hizo mbili hukatika na kuungana upya, na nishati ikapata njia ya kuingia. Kwa hiyo kasi peke yake isikushtue. Nikiona Bz iko nanotesla -15 na imeng'ang'ania hapo kwa saa kadhaa, silali.

Tatizo ni kwamba mwelekeo huo hausomeki wingu likiwa bado mbali. Kamera za vyombo vya kutazama jua kama SOHO hutuonyesha linavyotoka na kasi yake, basi. Uga wenyewe hupimwa linapoipitia setilaiti kama ACE, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kwa kasi yako ya 610, hizo ni dakika 41 hivi. Siku mbili za kungoja, halafu jibu unalipata dakika 41 kabla! Hilo huniuma kila mara, lakini waliotabiri siwalaumu.

Mchana_Kimya:
Naongezea jambo moja kwa watu wa redio. Dhoruba ya sumaku usiichanganye na mlipuko wenyewe kwenye jua. Eksirei za mlipuko hutumia dakika 8 kufika, sawa na mwanga, kwa hiyo ukiuona umeshakupata. Nilikuwa naongea na mwenzangu adhuhuri, sauti safi kabisa, mara ikazama kama mtu anayefunga mlango polepole. Hata mvumo wa kawaida ulipungua. Nikabadilisha waya wa antena bure. Baada ya nusu saa hivi stesheni zikaanza kurudi, za masafa ya juu zikitangulia.

Na usiache kukesha, ndugu. Mei 2024 doa la jua namba 13664 lilirusha mawingu mfululizo, Kp ikagonga 9, G5 ya kwanza tangu 2003. Matrekta yanayoongozwa na GPS huko Marekani yalipoteza mstari katikati ya msimu wa kupanda.

Mkesha_Redio:
Nimerudi kwenye grafu. Bz ilikuwa +11 karibu usiku mzima, ikashuka chini ya sifuri dakika ishirini tu, saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nautazama mstari wa kasi peke yake! Nimeandika kwenye daftari langu, safu mpya: Bz, na imekaa huko muda gani. Asanteni sana. Doa lililorusha wingu la wiki iliyopita linarudi upande wetu baada ya wiki mbili, nitakuwa macho.