MREJESHO: Ule ukuta uliokuwa unabandua rangi

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita nililia hapa kuhusu ukuta wa chumba cha watoto: unyevu hauishi, rangi inabanduka, nimepaka mara mbili inarudi vilevile. Wengi mlisema ni bati, wengine msingi. Mmoja tu alisema nifunge koki zote, kisha nikaangalie mita ya maji. Huyo ananidai soda.

Nilifunga zote, hadi ya tangi la choo. Kale kanyota kadogo kwenye mita, kanakozunguka maji yakipita, kalikuwa bado kanazunguka, polepole, bila aibu. Yaani kuna mahali maji yanavuja.

Fundi bomba akabomoa lipu upande wa bafuni. Tukakuta elbo, kile kiungo cha kona cha bomba, ina ufa mwembamba kama unywele, maji yanachuruzika kama jasho. Elbo mpya bei yake ya kununulia chai tu. Kubomoa na kupiga lipu upya ndiko kulikonimaliza. Tena siku hiyo tulizima maji nyumba nzima, maana bafu halikuwa na koki yake ya kufungia maji. Sasa nimeiweka.

Fundi rangi alitaka apake keshokutwa yake. Nikakataa, lipu mbichi ukiifungia na rangi inavimba tena. Ni wiki ya tatu sasa feni inapuliza ukuta, watoto wamehamia sebuleni na mama yao kanuna.

Ndugu yangu wa bati, nawe hukukosea sana: nilipanda, nikakuta misumari miwili imelegea, raba zimeoza. Nimebadilisha kabla ya masika.

Picha nitaweka ukuta ukishapakwa.