Nimelipia safari praiveti ya Bhutan, nimepanda daladala siku nane

Wakuu salama? Huu uzi nimejizuia wiki tatu nisiuandike maana nilikuwa na hasira za matusi. Leo zimeshuka kidogo ila bado zipo, kwa hiyo mnivumilie, ni mrefu.

Nimepigwa. Tena sio kupigwa kwa kuporwa begi, hilo ningeshasahau. Nimepigwa kwa invoisi yenye nembo, kwa lugha tamu, kwa "karibu sana mteja wetu" kila meseji.

Iko hivi. Bi mkubwa wangu ana miaka 66, na tangu napata akili zangu kuna picha moja alikata kwenye kalenda akaibandika mlangoni kwa ndani kwenye kabati lake. Ni Taktsang, ile nyumba ya watawa ya Bhutan iliyong'ang'ania kwenye jabali utadhani kuna mtu kaigundisha na gundi. Hata mimi nilikuwa sijui ni wapi mpaka juzijuzi nilipoitafuta. Nikasema huyu mama kanisomesha, hajawahi kuniomba kitu, tunaenda. Na kwa sababu magoti yake sio ya kukimbizana na watu nikaamua tuchukue safari praiveti, ghali lakini mnasimama mkitaka, mnaondoka mkitaka. Kilichonitoa pesa ni hicho tu, nilikuwa nanunua MUDA. Kitanda cha hoteli ya nyota nne hakinihusu mimi.

Sasa Bhutan kwa wasioijua sio nchi ya kujiendea tu na begi mgongoni. Viza dola 40, halafu kuna ada ya maendeleo endelevu dola 100 kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo ilikuwa 200 walipofungua nchi tena 2022, wakaipunguza Septemba 2023. Na ukitoka nje ya miji ya Paro na Thimphu lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni. Mimi hizo sheria wala sina ugomvi nazo, nchi yao, milima yao, wanataka watalii wachache wenye kulipa, sawa. Ugomvi wangu ni na wakala niliyempa hela. Jina siliweki hapa, nina sababu zangu.

Invoisi ilipokuja nilitakiwa nishtuke pale pale na sikushtuka, huo ujinga naubeba mwenyewe. Wameandika ada ya serikali siku 8 mara dola 100 mara watu 2, jumla 1,600. Ada inahesabiwa kwa USIKU wakuu, na safari ya siku nane ina usiku saba, yaani 1,400. Hiyo mia mbili imeenda wapi? Nimeuliza mara nne, mara ya nne ndio wakajibu "gharama za uendeshaji". Kwa hiyo mnaendesha kampuni kwa kuisingizia serikali ya watu?

Haya, tunatua Paro. Kutua kwenyewe ni sinema, ndege inapinda katikati ya milima mpaka unaona mtu anaanika nguo barazani kwake, ndio maana wanaruka mchana tu. Bi mkubwa kashika rozari yake hasemi kitu. Tunatoka nje tunamkuta mwongozaji, kijana mstaarabu amevaa lile vazi lao la gho, anatuvisha vitambaa vyeupe, ananipokea begi. Naingia kwenye gari nakuta kuna watu.

Mume na mke, wazungu wa makamo, wameshakaa viti vya mbele na mito yao ya shingo. Nikadhani tumekosea gari. Nikamuuliza kijana akaangalia chini. Nikampigia wakala wasapu, akajibu haraka siku hiyo, "ni wa kuunganisha kwa leo tu mpaka Thimphu bosi wangu, samahani kwa usumbufu."

Leo tu ikawa siku nane!

Na mjue mimi sina chuki na wale watu, na wao walikuwa wameuziwa praiveti vile vile, hilo tulikuja kuligundua siku ya tatu kwenye chai tukabaki tunaangaliana. Ila mwendo wetu na wao ni mbingu na ardhi. Wao asubuhi wanachelewa kuamka, wakishaamka wanataka kukimbia, wanapanda ngazi kama mbuzi halafu wanataka maduka ya vitambaa. Thimphu tulikaa kwenye duka moja la sanaa saa mbili nzima, dereva anapigwa usingizi, halafu lile sanamu la Buddha la mlimani lenye urefu wa zaidi ya mita 50 tukapewa dakika ishirini. Ile ngome ya Tashichho Dzong ndio hatukuingia kabisa. Mle ndani ni ofisi za serikali, siku za kazi watalii wanaruhusiwa jioni wafanyakazi wakishatoka, sasa jioni wenzetu wamechoka wanataka hoteli, gari ni moja, mwongozaji mmoja, basi wote hoteli. Nalipia praiveti halafu tunapiga kura!

Sasa njooni kwenye ratiba, maana hapa ndipo damu inapochemka. Aliyeiandika ile ratiba alikuwa anahesabu kilomita. Kwenye nchi ya milima kilomita ni uongo mtupu wakuu. Thimphu mpaka Punakha ni kama kilomita 75 tu, mtu wa tambarare anasema saa moja na ushee, kule ni karibu saa tatu, kwa sababu unapanda mpaka Dochula, pale barabara inapovukia mlima, mita 3,100 halafu unateremka kona baada ya kona mpaka bondeni kama mita 1,200, masikio yanaziba yanazibuka. Ratiba ilisema Dochula "asubuhi na mapema kuona Himalaya". Tumefika saa sita na nusu, ukungu umeshakaa, tumeona vile vijumba vya ibada 108 vilivyojengwa kuwakumbuka wanajeshi waliokufa kwenye operesheni ya 2003, vimepangwa vizuri sana, ila Himalaya yenyewe tumeiona kwenye bango la mgahawa.

Punakha nisiwe mnafiki, palikuwa pazuri. Ile ngome ya 1637 imekaa pale mito miwili inapokutana, wanaiita mto wa kiume na wa kike, mwezi wa tano jakaranda zimechanua zambarau tupu, mfalme wao alifungia ndoa humo 2011. Bi mkubwa alikaa kwenye ngazi za ua kama dakika arobaini hajasema chochote, anatabasamu tu. Wale wenzetu walikuwa wameenda kuendesha mitumbwi ya mpira mtoni ndio maana tukaachiwa nafasi. Hizo dakika arobaini ndio praiveti niliyoipata kwa siku zote nane.

Kesho yake Bumthang. Toka Punakha mpaka Bumthang kwa siku moja, usiku mmoja, halafu kesho yake asubuhi mnageuza kurudi. Tumeondoka saa moja asubuhi tumefika giza linaingia, njiani kuna sehemu mawe yamemwagika barabarani mnasubiri katapila, bi mkubwa ametapika mara mbili. Bumthang kuna mahekalu ambayo ni ya zamani kuliko karibu kila kitu nchini humo, Jambay wanasema ni la karne ya 7. Sisi tumeyaona kwa taa za gari. Na kuna kiwanja kidogo cha ndege Bumthang, kuna ndege za ndani toka Paro, nimekuja kuambiwa na dereva tukiwa tumeshafika! Wakala hakunitajia. Angenitajia ningeongeza hela, nilikuwa tayari, au angesema tu "mzee na siku hizi chache Bumthang haifai, baki upande wa magharibi". Mtu anayeijua kazi yake angesema hivyo. Lakini ratiba yenye majina mengi inauzika.

Subirini, kuna ya Phobjikha. Kwenye brosha yao kwa herufi nene, "kuwatazama korongo wa shingo nyeusi katika bonde la Phobjikha". Korongo hao wanashuka kutoka Tibet mwishoni mwa Oktoba na Novemba, Februari na Machi wanarudi zao, wenyeji wanaamini wakija wanazunguka juu ya hekalu la Gangtey mara tatu. Sisi tumeenda MWEZI WA TANO. Nimesimama pale na darubini ya kukodi naangalia ng'ombe. Kijana akaniambia kwa upole, "ndege wameondoka, sir." Nikamuuliza wakala wako anajua? Akacheka ile ya aibu.

Chakula nipite haraka. Bafe ile ile kila hoteli, kabichi, wali, kuku asiye na ladha, kwenye nchi ambayo pilipili ndio mboga yenyewe, wanaipika na jibini wanaita ema datshi. Jikoni walikuwa wameambiwa "kundi hili halili pilipili". Kundi! Ikabidi dereva atupeleke mimi na mama anakokula yeye, na mpaka leo bi mkubwa anakizungumzia kile chakula.

Sasa Taktsang. Siku ya saba, tuliyoiendea yote.

Nilimwambia kijana toka juzi yake tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, mama anapanda polepole. Akasema sawa. Asubuhi wenzetu wameshuka kwenye chai saa mbili na nusu. Tumeanza kupanda karibu saa nne. Bi mkubwa tukampandisha farasi, ila farasi wanaishia karibu na mgahawa wa katikati, toka hapo ni miguu yako, mpaka kwenye ukingo ule picha zote zinapopigwa, halafu ngazi za kushuka korongoni na kupanda tena, mamia ya ngazi, na uko juu ya mita 3,000 pumzi yenyewe ya kuombea. Wale wenzetu walikuwa wameshatangulia na mwongozaji, mana huwezi kuingia mle bila mwongozaji. Sisi tumebaki na dereva, ambaye sio kazi yake, kijana wa watu kamshika mama mkono njia nzima.

Tumefika kwenye ukingo saa saba na dakika kumi. Saa saba mpaka saa nane pamefungwa, mapumziko ya mchana. Sawa, tukasema tutasubiri, hata saa nzima, tumevuka bahari kwa ajili ya hii. Mwongozaji anatoka na wale wawili, wameshamaliza, mama wa kizungu kifundo kimeteguka kidogo anataka kushuka sasa hivi. Mwongozaji mmoja, watu wanne, wawili wanashuka wawili wanataka kuingia. Nimemwona yule kijana anahangaika mpaka machozi yanamlenga, kampigia bosi wake, bosi kamwambia shuka na mgonjwa. Na mgonjwa ni mgonjwa, nitabisha vipi.

Tiketi zetu zilikuwa zimeshakatwa, ninazo mpaka leo hazijachanwa.

Bi mkubwa akakaa kwenye jiwe, akaangalia ng'ambo ya korongo, ile nyumba iko pale pale kama kwenye kalenda, unaona mpaka moshi wa ubani. Akaniambia "si nimeiona mwanangu, inatosha." Halikuwa limemtosha, namjua mama yangu.

Jioni yake kijana alinionesha karatasi yake ya kazi kwenye simu, nadhani dhamira ilimsuta. Imeandikwa watu wanne, gari moja, mwongozaji mmoja, na tarehe ya hiyo karatasi ni wiki tano KABLA hatujasafiri. Hakukuwa na "kuunganisha kwa leo tu". Tuliuzwa mara mbili toka mwanzo, na kijana hakuwa na la kufanya. Nilimpa yeye na dereva bahasha kila mmoja, nikiwa nimenuna, lakini niliwapa.

Nimedai rudisho. Nilichodai ni tofauti ya bei ya praiveti na ya kundi, ile dola 200 ya usiku hewa, na basi, sikudai hata fidia ya Taktsang kwa sababu ile hailipiki. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja: "Ratiba inaweza kubadilika kutokana na hali ya hewa na mambo yaliyo nje ya uwezo wetu." Siku ya Taktsang jua lilikuwa linachoma mpaka nimebabuka pua, nina picha! Halafu chini kabisa wakanipa ofa ya punguzo la asilimia 10 kwenye safari ijayo nikiwaletea watu wengine wanne. Yaani niwaletee na wengine waje wapakiwe.

Nimeshaandika barua pepe idara ya utalii ya Bhutan nikaambatanisha ile karatasi, jina la kijana nimelifuta asije akakosa kazi. Benki wanasema malipo yalikuwa ya uhamisho sio kadi, kwa hiyo kurudisha ni ngumu. Aliyewahi kupata hela yake kwa wakala wa aina hii kwa malipo ya uhamisho aniambie alianzia wapi, hata inbox. Na asije mtu hapa kuniambia "mkuu shukuru umefika salama", huyo nitamjibu vibaya.