Tupeane uzoefu: wazee tunaowaandikia wajukuu hadithi za safari na hatari, wewe ulianzia kitabu gani?

Babu wa Pongwe: Wakuu habari za jioni. Mvua imetufungia ndani, umeme hakuna, simu zimeisha chaji, ndo wajukuu wakakumbuka kuwa wana babu. Nikawahadithia Mashimo ya Mfalme Sulemani kama nilivyoisoma darasa la sita, nikafika pale mlango wa jiwe unashuka, yule kikongwe mchawi unamponda na wale jamaa watatu wanabaki gizani na almasi zao. Nikanyamaza. Babu ikawaje? Jamani mi mpaka leo sijui ikawaje, kitabu chetu cha shule kiliishia hapo hapo, kurasa za nyuma mtu alishasokotea tumbaku! Kila mtoto darasani alikuwa na mwisho wake, mwingine anawachimbua kwa meno ya tembo, wangu ulikuwa na kima. Basi nimechukua kaunta buku ya kwaya mbili naandika ya kwangu, shujaa ni binti wa mvuvi wa Kigombe na hivi sasa yuko pabaya sana. Kuna mwingine aliyeanzia hivi?

Koroboi: Tumbaku hahaaa. Sisi zilifungia karanga.

Msomaji Mkongwe: Mkuu wanatoka. Wanaona hewa inaingia kwa chini, kuna jiwe lina pete, wanalivuta wanashuka kwenye mahandaki wanatokea kwenye lile shimo kubwa la almasi.

Babu wa Pongwe: Sasa nani kakuuliza bwana??

Mwalimu Mstaafu Moro: Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ni maktaba. Ile Maktaba Kuu ya Dar Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967, baba yangu alikuwa tarishi mjini, akiingia kazini Jumamosi ananiacha humo kama mzigo wa stoo anakuja kunichukua adhuhuri. Humo nilimkuta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, nilikuwa nasoma huku nawachunguza wasomaji wenzangu nani anafanana na muuaji. Ila kilichoniudhi tangu siku hizo, kwenye hadithi nyingi za hatari nilizosoma msichana kazi yake kuokolewa. Kwa hiyo wa kwangu ana miaka kumi, anauza visheti stendi ya Msamvu, na hakuna jambazi anayenyamaza mbele ya mtoto wa visheti, wanapanga mipango yote hapo hapo wanadai na chenji. Mhariri wangu ni mjukuu wa darasa la tano, ana kalamu nyekundu, kila ninapoelezea machweo ananiandikia RUKA.

Mwana wa Maji Maji: Samahani wazee wangu lakini mnasifia nini hapo? Hayo Mashimo ni mzungu anakuja Afrika kubeba almasi, mwandishi ni Haggard wa Uingereza, mkoloni akatutafsiria tusome shuleni ili tuone ni sawa. Mnawarithisha wajukuu hayo hayo.

Koroboi: Umeanza.

Mwalimu Mstaafu Moro: Mwanangu binti wa mvuvi wa Kigombe ni mzungu? Soma kwanza ulichojibu.

Mwana wa Maji Maji: Mama nimesoma. Nasema chanzo. Kuna Shaaban Robert hamumtaji.

Msomaji Mkongwe: Hata Adili na Nduguze yake, ndugu waliogeuzwa manyani wanachapwa kila usiku, chimbuko lake ni Alfu Lela Ulela. Hadithi zinasafiri kijana.

Tanga Raha: Acheni ugomvi niwape kisa. Mzee wangu naye anaandika, na aliandika kuhusu mapango ya Amboni, si mnajua wazee wa huku wanasema lile pango linatokea Mombasa, basi yeye akaweka humo mtoto anafuata njia anafungua uzi ili asipotee. Mwanangu wa miaka tisa akaisoma mara mbili. Siku hiyo jioni hayupo, na mtoto wa jirani hayupo, cherehani ya mama yao haina uzi, na mihogo ya kuchoma imeondoka na sufuria. Hawakwenda Amboni yenyewe, kule kuna walinzi, walikwenda kwenye mashimo ya zamani ya chokaa karibu na mto Mkulumuzi. Mto una mamba jamani! Mke wangu alikuwa anatembea pekupeku kando ya maji anaita mpaka sauti ikakata, mimi nikimulika kila gogo naona mamba. Saa nne usiku mchoma mkaa mmoja akakanyaga uzi mweupe umefungwa kwenye mti wa mwembe, tukaufuata kwa mkono, ndani kidogo umekatika. Pale ulipokatika wamekaa wawili wameshikana hawajasogea hata hatua, kwa sababu kwenye hadithi ya babu imeandikwa uzi ukikatika kaa chini, anayetembea gizani anajizika. Mihogo wameimaliza. Mke wangu na baba mkwe wake mpaka leo ni shikamoo marahaba basi.

Koroboi: Nimesoma nimesimama

Mama Wawili: Huyo mzee anyang'anywe kalamu.

Babu wa Pongwe: Anyang'anywe vipi, hadithi ndo imewaokoa!

Mama Wawili: Na nani kawapeleka?

Mwana wa Maji Maji: Hapa namuunga mkono mzee. Amboni ni yetu.

Msomaji Mkongwe: Ushauri kwa wanaoanza, chora ramani kwanza. Stevenson mwaka 1881 alichora kisiwa akicheza na mtoto wa mkewe siku za mvua, Kisiwa chenye Hazina kikatokea kwenye mchoro.

Mwalimu Mstaafu Moro: Mimi sichori, naanza na chakula. Mtoto akijua shujaa ana njaa hasinzii.

Steshenari Kariakoo: Mkienda kuchapa kitabu cha kubana pini kurasa zigawanyike kwa nne, wazee mnaniletea kurasa 30 halafu mnagombana na mimi. ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, mnaipata Maktaba Kuu. Ukitaka kiingie shule ni Taasisi ya Elimu wanakipitia.

Koroboi: Usichape. Mtumie mjukuu voisi usiku, mkatie patamu.

Mama Wawili: @Tanga Raha hicho kitabu cha uzi kinapatikana wapi? Ni kwa ajili ya kukisoma mimi, si watoto.

Tanga Raha: Hakijachapwa dada. Mke wangu ameficha lile daftari, na mtoto kila akirudi shule analitafuta chini ya magodoro.