Tupeane uzoefu: uliyetibiwa ADHD ukiwa sekondari, chuoni au mtu mzima, ilikuwaje?

Mwanzisha uzi, Dar

Habari zenu wadau. Naomba tukusanye hapa visa vya waliokwenda kwa daktari kwa ajili ya ADHD (hali ya ubongo ya kushindwa kuzingatia au kutulia) wakiwa wameshakua. Habari za watoto wadogo zipo nyingi, ila mtu wa miaka thelathini na kitu akiuliza huambiwa "jipange" au "punguza simu", basi. Nataka atakayepita hapa ajue ataulizwa nini akiingia kile chumba, na atatoka na nini.

Nianze mimi. Ni mwanamke, mhasibu, nina mume na watoto. Ripoti zangu za shule zilifanana kila muhula: ana uwezo, aongeze umakini. Sikuwa mtoto wa kuruka madirisha. Nilikaa nimetulia, macho ubaoni, lakini kilichoandikwa hakiingii kichwani. Ndiyo maana hakuna aliyenishtukia, na naamini wanawake wengi humu mmepita hapohapo. Mtoto msumbufu anapelekwa kwa daktari, mkimya anasifiwa adabu.

Ukubwani nikawa nafunga hesabu za mwezi usiku wa mwisho, mikono inatetemeka, halafu ofisini naitwa mchapakazi. Nyumbani umeme wa luku unakata na hela ninayo. Nalia chooni.

Nilikwenda kliniki ya magonjwa ya akili, Muhimbili. Nilitegemea kupigwa picha ya kichwa. Hakuna kitu kama hicho. ADHD haina kipimo cha damu wala cha mashine. Ni madodoso na mazungumzo marefu, tena daktari aliganda kwenye utoto wangu kuliko kwenye kazi. Alinieleza kwa nini: mwongozo wa Wamarekani wa 2013, unaotumika sehemu nyingi, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, na zisiwe za sehemu moja tu. Kwa mtoto zinahitajika dalili sita kati ya tisa za kutozingatia, au sita kati ya tisa za kutotulia. Ukishafika miaka 17 zinatosha tano. Na lazima ziwe zinakuharibia maisha kweli.

Akaomba tumpigie mama. Mama, bila hata kufikiri: "Huyu nikimtuma chumvi anafika dukani anasimama. Anarudi kuniuliza nimemtuma nini. Akiondoka anasahau tena. Nilikuwa namfungia karatasi kwenye upindo wa khanga." Daktari akaandika yote hayo. Mimi la karatasi nilikuwa sikulikumbuka kabisa.

Kisha akauliza usingizi, pombe, huzuni, kama nina vipindi vya furaha iliyopitiliza, kama kuna ndugu aliyefariki ghafla kwa moyo. Nikapimwa presha, mapigo na uzito. Nikaanzishwa methilifenideti, dawa ya ADHD ya aina ya kichangamshi cha ubongo, kwa dozi ndogo, ikawa inapandishwa taratibu kadiri nilivyorudi kliniki.

Siku ya kwanza nilifungua bunda la ankara za wauzaji, nikaanza ya juu, nikafika ya chini. Hakuna muujiza mwingine uliotokea. Kichwa hakikuchangamka kama nimekunywa kitu, kilitulia tu, na feni iliyokuwa ikinikera miaka yote niliisahau. Nilipofika ankara ya mwisho nilipata hasira ambayo sikuitegemea. Niliwaza vitabu vyote vya chuo nilivyosoma kila ukurasa mara nne.

Upande wa pili upo. Mdomo unakauka, chakula cha mchana hakipiti. Dawa za muda mfupi hufanya kazi saa chache, kama nne hivi, na ya kwangu ilipoisha mwilini jioni nilikuwa mkali kwa watoto. Nilimwambia daktari, akabadilisha mpangilio. Usinyamaze na vitu hivyo.

Karibuni.

Mama wa kijana, Mombasa

Asante dada kwa kufungua. Wangu ni mvulana, yuko kidato cha tatu. Tangu darasa la chini ni viboko, kusimamishwa nje, barua za kuitwa skuli. Nilimpeleka kwa ustadhi akasomewa, na sijuti, maana ustadhi mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Mwanao hana jini. Mpeleke kwa daktari wa akili, na usimwonee haya."

Nataka kusema na wazazi wenye vijana. Mtoto wa miaka kumi na sita humbebi kama wa miaka sita. Daktari alinitoa nje kwanza, akazungumza naye peke yake. Niliporudi ndani nilimkuta mwanangu analia, mtoto asiyelia hata akipigwa. Akanambia, "Mama, mimi hujaribu. Kila siku hujaribu." Nilimkumbatia palepale. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza upande wake.

Walimu nao walipewa fomu. Mmoja aliijaza kwa matusi. Mwingine, wa hisabati, aliandika kurasa: anajibu swali kabla halijaisha, anasimama bila kujua amesimama, kazi anaijua ila karatasi haimalizi. Ile ndiyo iliyomsaidia daktari. Kwa hiyo mtafuteni mwalimu anayempenda mwanenu.

Anameza dawa ya muda mrefu asubuhi baada ya kula. Nasisitiza baada ya kula, kwa sababu mchana hana hamu hata ya biriani. Alfajiri nampa uji mzito wa maziwa na mayai, usiku hamu ikirudi anakula vizuri. Kila tukienda anapimwa urefu na uzito, kwani dawa hizi zaweza kupunguza kasi ya kukua kidogo. Maamuzi ya kumeza au kutomeza wikiendi tunafanya yeye, mimi na daktari. Alipoanza kushirikishwa ndipo alipoacha kuzificha chini ya godoro.

Mdau, Mwanza

Mimi niwape kisa cha upande mwingine. Nilijaza maswali ya mtandaoni, yakasema nina dalili zote. Nikaenda kwa daktari nimeshajihukumu. Akanisikiliza, akaniuliza haya yalianza lini. Nikasema kama mwaka hivi. Akatazama vidole vyangu nilivyovinyoosha, vinatikisika. Akaniagizia damu ya tezi ya shingo. Tezi ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo iliyokuwa inaniondolea utulivu na usingizi na kunikimbiza moyo. Natibiwa hiyo, kichwa kimerudi.

Kama ningenunua dawa za ADHD kwa mtu, moyo uliokuwa tayari unakimbia ningeuongezea kasi. Yale maswali ya mtandaoni yanakuonyesha kama kuna haja ya kwenda, hayakupi jibu.

Mdau, Leicester

Niko Uingereza miaka mingi, nimetokea Unguja. Huku foleni ya vipimo kwa watu wazima ni ya kutisha, maeneo mengine ni miaka. Ninyi mlioko England mjue kuna haki ya kuchagua mtoa huduma: daktari wako wa kawaida anaweza kukupeleka kwa kituo binafsi chenye mkataba na NHS (huduma ya afya ya serikali), na NHS ndiyo inayolipa. Wengi hawaambiwi mpaka waulize. Scotland na Wales utaratibu huo haupo.

Ukishapata dozi inayokufaa, daktari bingwa huandikiana na daktari wako wa mtaani ili huyu aendelee kukuandikia dawa. Yapo madaktari wa mtaani wanaokataa kupokea jukumu hilo, hivyo uliza mapema kabla hujachagua kituo.

Mwaka 2023 dawa ziliadimika nchi nzima. Nilizunguka maduka ya dawa na karatasi mkononi, kila mahali "hatuna". Dozi yangu ilikuwa imeshatulia, na hofu ya kurudi nilikotoka ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiria. Kilichoniokoa ni yale niliyojifunza kwa mwanasaikolojia: kila kazi naivunja vipande, kipande cha kwanza kiwe kidogo kiasi cha kutohitaji ujasiri, na saa ya mezani inalia kila baada ya muda kuniuliza niko wapi. Wanaotibiwa kwa vidonge tu, ongezeni hili mkipata nafasi.

Swali kwa wenye kujua: nikija Unguja likizo, dawa nazibebaje?

Mfamasia, Arusha

Nimjibu ndugu wa Leicester kisha niongeze langu.

Methilifenideti na dawa za jamii ya amfetamini (nazo ni vichangamshi) zimo kwenye jedwali la pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Ndiyo maana zinafungiwa kabati na kuandikwa kwenye daftari maalumu. Beba kwenye kopo lake lenye jina lako, barua ya daktari inayotaja dawa na dozi, nakala ya cheti, na kiasi cha safari tu. Uliza ubalozi kabla ya kukata tiketi. Wanaokwenda Falme za Kiarabu wawe waangalifu zaidi, kule dawa za namna hii huombewa kibali cha wizara ya afya kabla ya kuondoka.

Kuhusu upatikanaji kwetu: wengi wanaolalamika kuwa daktari ameandika na dawa haipo wana haki ya kuumia. Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza methilifenideti kwenye orodha ya dawa muhimu, na kamati yake ikakataa 2019 na tena 2021. Nchi nyingi hutazama orodha hiyo zinapopanga manunuzi. Dawa inayotumika tangu miaka ya 1950 bado mgonjwa wa wilayani anaifuata mkoani, au nchi jirani. Mimi linaniuma, maana nawaona kaunta.

Ipo pia atomoksetini, ambayo si kichangamshi. Haileti matokeo siku ileile, inataka wiki kadhaa, kwa hiyo msiitupe mapema. Na tafadhali, msigawane vidonge hosteli wakati wa mitihani. Mwenye tatizo la moyo asilolijua haonekani kwa macho.

Baba wa watoto wawili, Nairobi

Mimi nilikuwa natafuna miraa ili niweze kukaa na kazi. Fundi wa umeme, nikiwa nayo mdomoni nyaya za nyumba nzima namaliza, bila hiyo naanza vyumba vitatu na sifungi hata kimoja. Ofisi moja ya afya niliyoanzia waliniona mlevi tu, wakanifukuza kwa maneno.

Hospitali ya Mathari nilipokelewa tofauti. Daktari aliuliza natafuna lini na kwa sababu gani, akasikia jibu lote. Akanieleza kuwa kilichomo kwenye miraa mbichi, kathinoni, kinafanana kimaumbile na amfetamini, na kwamba baadhi ya watu wenye ADHD isiyotibiwa hujitafutia dawa namna hiyo. Mara ya kwanza mtu kuniambia kuna sababu, si uhuni.

Presha yangu ilikuwa juu, kwa hivyo hakunianzisha kichangamshi. Kwanza presha, kwanza kuacha miraa. Matibabu yangu yamekuwa dawa isiyo kichangamshi pamoja na vikao. Mke wangu huja. Kikao kilichobadilisha nyumba yetu ni kile alichosema anachoka kuwa msimamizi wangu, na mimi nikasema naona haya kila anaponikumbusha. Sasa kodi ya nyumba inajilipa kwenye simu, funguo zina msumari wake mlangoni, na yeye hanikumbushi lolote ambalo ukuta unaweza kunikumbusha.

Na wazazi, hii kitu inatembea kwenye damu. Kijana wangu mdogo nimeshampeleka.

Mgeni, chuo mwaka wa pili

Nimesoma yote nikitetemeka. Ni mimi mtupu. Ninaogopa mambo mawili: kuandikwa mgonjwa wa akili nikakosa kazi, na hela.

Mwanzisha uzi, Dar

Mdogo wangu, karibu, na pole sana.

Faili lako ni siri yako na daktari, mwajiri hapewi. Mimi ofisini anajua bosi wangu peke yake, tena kwa hiari yangu, kwa sababu nilitaka meza iliyo mbali na mlango.

Hela: usianzie kliniki binafsi ya bei kubwa. Kama chuo chako kina zahanati au mshauri, anzia hapo uombe rufaa. Kama una bima, uliza kabla kama inalipia kliniki ya magonjwa ya akili na kama inalipia dawa, hayo ni maswali mawili tofauti. Ukiwa Dodoma kuna Mirembe, Unguja kuna Kidongo Chekundu, na hospitali za rufaa za mikoa ziulize siku ya kliniki ya akili ni ipi.

Siku ya kwenda chukua ripoti za zamani hata zikiwa zimeliwa na mchwa, ukurasa mmoja ulioandika mambo yanayokukwamisha kwa mifano, si kwa majina ya dalili, orodha ya kila unachomeza pamoja na kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, na namba ya mtu aliyekulea, awe tayari kupokea simu. Andika usiku uliotangulia. Ukikaa mbele ya daktari utasahau yote, sote tunasahau.

Uko mkoa gani? Sema hapa, tuna watu kila upande, na mmoja wetu akiwa karibu atakusindikiza.