Kwanini kwenye RPG watu wanafanana mpaka inakera?

kwestimani:
Wakuu habari zenu. Hili jambo linanisumbua siku nyingi, leo nimeona nilitoe. Kuna RPG moja (gemu la kuigiza mhusika kwenye stori) naicheza sasa hivi, jina naliacha, nina kama masaa 60 humo ndani. Stori tamu, mapigano matamu, ramani mpaka unachoka kuizunguka. Sasa juzi nikapata kwesti (kazi ya kutimiza), mama mmoja mwanae kaliwa na dubwana la mtoni, analia, muziki umeshuka chini kabisa, na mimi nimeshaanza kulainika, namwangalia usoni... ni yule yule aliyeniuzia mishale mji wa kwanza! Kovu lile lile juu ya nyusi ya kushoto. Kabadilishiwa nywele na gauni basi. Stimu zote zikakata.

Tangu siku hiyo siwezi kuacha kuhesabu. Kijiji kina watu ishirini, sura kama tano. Wazee ndo wananiuma zaidi, mzee kawekewa mvi na mikunjo lakini mabega ya mwanajeshi, mgongo umenyooka, anatembea kama kijana anayewahi mechi. Mnene hayupo, mfupi hayupo, mjamzito ndo usahau kabisa. Hata karakta wangu mwenyewe, pua naweza kuivuta mpaka nishibe, ila mwili ni ule ule mmoja.

Hivi ni uvivu, ni hela, au kuna sababu ya kiufundi? Na kuna RPG ambayo ilijitahidi hapo?

mshale_wa_pili:
Hauko peke yako mkuu, na sio gemu hilo tu. Mass Effect: Andromeda ya 2017, asari (jamii ya viumbe wa sayari nyingine) karibu wote walipewa sura moja, watu walilalamika sana. The Witcher 3 naipenda kuliko gemu nyingi lakini ukizunguka vijijini unakutana na yule yule mara kumi. Na watoto wa Skyrim sijui niseme nini, yaani wana vijisura vichache wamegawana nchi nzima.

Zamani tulikubali kwasababu hapakuwa na nafasi. Dragon Quest ya 1986 gemu zima lilikuwa kilobaiti 64, sasa hapo ukichukua slime (kidubwana cha ute) wa bluu ukampaka nyekundu akawa adui mpya nani atakulaumu. Leo gemu moja linakula gigabaiti 100 za diski bado nakutana na mapacha sokoni.

fundi_poligoni:
Mleta mada, uvivu unaweza kuwepo lakini sio ndo sababu kubwa. Natengeneza modeli za 3D, kazi ndogondogo tu, ngoja nieleze ninavyoijua.

Karakta ana mifupa, ana ngozi iliyovikwa juu ya mifupa, na ana miondoko. Sura mpya peke yake sio ghali kihivyo, kinachokula hela ni miondoko. Kutembea, kupanda ngazi, kukaa, kukumbatiana, kukabana koo, vyote vimetengenezwa kwa mifupa ya urefu fulani. Ukimrefusha mtu sentimita 20 tu mkono wake unapitiliza kitasa cha mlango, wakikumbatiana mikono inazama mgongoni kwa mwenzake, akikaa makalio yanaingia ndani ya kiti. Ndo maana Baldur's Gate 3 ya 2023 na ukubwa wake wote ule huwezi kuchagua urefu, na binadamu ana maumbo manne tu ya mwili. Mle mazungumzo ni kama filamu, watu wanagusana, kila umbo unaloongeza inabidi upitie upya matukio kibao.

Halafu kuna nguo, hapo ndo kwenye kilio. Skyrim unaweza kuvuta unene wa mwili kutoka 0 mpaka 100. Ukifungua mafaili yake unakuta deraya moja imetengenezwa mara mbili, ya mwembamba jina linaishia _0 na ya aliyejazia linaishia _1, gemu linachanganya hapo katikati. Ya mwanamke wanarudia mbili tena. Sasa ongeza umbo la kibonge na la kibibi uone, deraya 50 kwa maumbo manane ni kazi 400, na kila moja lazima uikague goti lisitokeze kwenye suruali akichuchumaa.

Mfano ninaoupenda ni Morrowind ya 2002. Khajiit na Argonian, wale wa paka na mijusi, walikuwa na miguu ya mnyama kweli na mwendo wao wenyewe, kwahiyo hawakuweza kuvaa buti wala helmeti ya kufunika uso mzima. Gemu lililofuata, Oblivion ya 2006, wakapewa miguu ya binadamu. Buti wakapata, mwendo ukaenda. Mimi ningewaacha peku.

Nyamizi_RPG:
Kaka fundi nimekuelewa na nakubali hesabu zako, lakini kuna kitu umekiruka. Bajeti ikibana kila siku wanaokatwa ni walewale. Mass Effect wanaume wa turian, jamii nyingine ya viumbe wa humo, tumewaona tangu gemu la kwanza 2007, mwanamke wa turian wa kwanza kuonekana ilikuwa nyongeza ya Omega ya Mass Effect 3, mwishoni mwa 2012. Miaka mitano jamii nzima haina mwanamke hata wa kupita njia. Final Fantasy XIV nayo 2019 walileta jamii mbili mpya, Viera wanawake tu na Hrothgar wanaume tu. Viera mwanaume akaja 2021, Hrothgar mwanamke tukamsubiri mpaka 2024. Najua walikuwa wanahesabu nguo kama ulivyosema, ila kuna mtu alikaa kwenye kiti akaamua nani asubiri.

Na nywele jamani. Nikiingia kutengeneza karakta nakuta mitindo thelathini ya nywele za kulala, za kipilipili mbili, moja imenyolewa karibu yote na nyingine ni mpira umebandikwa kichwani, hauna hata mstari wa kuchania. World of Warcraft ilianza 2004, chaguo za maana za rangi za ngozi na sura kwa binadamu zimeongezwa 2020 na nyongeza yake ya Shadowlands. Hilo sio suala la mifupa, nywele hazifungui kitasa cha mlango.

Kuhusu iliyojitahidi, mleta mada tafuta Dragon's Dogma ya 2012. Urefu na uzito unachagua mwenyewe na vina maana kwenye mchezo, mzito anabeba mizigo mingi, mwepesi stamina (pumzi) inarudi haraka, mfupi anapita kwenye vitundu ambavyo mrefu hapiti. Nilitengeneza mama mmoja mnene wa makamo, upanga mkubwa mgongoni, nikamaliza naye gemu zima na mpaka leo namkumbuka kuliko karakta wangu wengine wote.

kwestimani:
Asanteni sana, dada Nyamizi hiyo ya mpira kichwani nimeiona sana aisee. Dragon's Dogma naitafuta leo leo.

Fundi nikuulize kidogo. Tuseme sura tano zibaki hizo hizo tano, sitaki mengi. Ule mgongo wa mzee je? Nao unataka nguo upya na miondoko yote upya?

fundi_poligoni:
Hapana, hapo ndo panapouma. Na dada Nyamizi kwenye nywele uko sahihi, pale sina cha kutetea.

Mgongo hauhitaji modeli mpya. Unachukua mwendo ule ule wa kijana, unaongeza mkao juu yake, mifupa mitatu minne ya uti wa mgongo unaipinda mbele kidogo, shingo unainyanyua aone mbele, hatua unaipunguza kasi. Nguo imefungwa kwenye mifupa hiyo hiyo kwahiyo inapinda nayo. Nilijaribu wiki iliyopita baada ya kazi, modeli ya askari nikampinda hivyo na mkono mmoja nikauweka kiunoni. Sura sikuigusa kabisa. Mdogo wangu akapita nyuma yangu akauliza huyu babu ni nani.